Pimo la Pili: Kurudia Mtihani wa SAT na Mlango wa Chuo Kikuu



Naomba nianze na herufi mbili. Hapa Tanzania, mwanafunzi anayefanya mtihani wa kidato cha nne akiwa shuleni hupewa namba inayoanza na S. Asiporidhika na matokeo akaamua kurisiti, yaani kurudia mtihani, anakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na namba yake huanza na P. Kwa wenye mtihani, hiyo ni herufi ya kupangia majalada tu. Mtaani ina uzito mwingine. Kuna nyumba ambamo cheti chenye S hutundikwa ukutani na chenye P hufungiwa kabatini, hata kama alama za kabatini ndizo nzuri zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita, msichana mmoja niliyemfundisha hisabati alifanya SAT, mtihani ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani hutumia katika kuchagua wanafunzi. Alipata 1190: hisabati 650, kusoma na kuandika 540. Nikamuuliza kama atarudia. Akanijibu, "Hapana, Mwalimu. Hiyo ndiyo alama yangu. Sitaki waone nimerisiti." Nikanyamaza. Nilidhani ni unyenyekevu, na moyoni nikamsifu. Leo najua kwamba alikuwa ameichukua herufi P ya huku kwetu akaipeleka katika nchi isiyo na herufi hiyo, na mimi mwalimu wake nikamtwika. Mhadhara huu ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Mtihani uliodhaniwa unapima kipaji

SAT ilifanywa kwa mara ya kwanza Juni 1926, ikiwa na watahiniwa elfu nane na kitu. Iliandaliwa chini ya uongozi wa Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa ajili ya College Board, chombo kilichoundwa mwaka 1900 ili vyuo viwe na mitihani ya pamoja ya kuingilia. Miaka mitatu kabla ya hapo, Brigham alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba watu wa asili fulani wamezaliwa na akili pungufu kuliko wengine. Mwaka 1930 aliikana hoja hiyo mwenyewe kwa maandishi. Lakini mtihani ulikwisha kuzaliwa, na jina lake lilibeba imani ya zama zake: herufi A iliyo katikati ilisimama badala ya neno lenye maana ya kipaji, uwezo ambao mtu amekuja nao duniani.

Hebu tuifuate imani hiyo hadi mwisho wake. Kama mtihani unapima kipaji, kurudia ni kazi bure. Hakuna mtu mzima anayejipima kimo leo, akajipima tena mwezi ujao kwa matumaini kwamba amerefuka. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa wenye mtihani walishikilia kwamba kufundishwa hakusaidii kitu. Wakati huohuo, kule Brooklyn katika jiji la New York, mwalimu aliyeitwa Stanley Kaplan alikuwa akiwafundisha vijana kwa ajili ya SAT tangu miaka ya 1940, na wazazi waliendelea kuleta watoto wao kwa sababu waliona alama zinapanda. Mwaka 1979 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mafunzo ya aina hiyo yanaweza kuongeza alama. Katika miaka ya 1990 neno la kipaji liliondolewa kwenye jina, na tangu 1997 herufi hizo tatu hazisimami badala ya neno lolote. Ni jina tu.

Nawasimulia haya kwa sababu maneno "hiyo ndiyo alama yangu" ni mtoto wa imani ileile. Waliouanzisha mtihani wameacha kuisema. Sisi tunaisema bado, tena kwa watoto wetu wenyewe.

Mizani hutikisika

Nendeni sokoni mkamtazame muuza mchele mwenye mizani ya mkono. Akiweka mzigo, sahani inapanda, inashuka, inatafuta mahali pa kutulia. Mnunuzi mwerevu hasomi mizani ikiwa bado inacheza. Mtihani nao ni mizani. SAT ya sasa ina sehemu mbili, hisabati na ile ya kusoma na kuandika, na kila sehemu hutolewa alama kati ya 200 na 800, hivyo jumla ni kati ya 400 na 1600. College Board yenyewe hueleza kwamba kila alama ina ukingo wake, takriban 30 juu na 30 chini kwa kila sehemu. Ile 540 ya mwanafunzi wangu ilimaanisha kwamba uwezo wake huenda ulikuwa mahali fulani kati ya 510 na 570. Malaria iliyoanza jana, kiti kinachoyumba, swali moja lililomganda kichwani, yote hayo yanaweza kumsogeza mtu ndani ya ukingo huo bila akili yake kubadilika hata chembe.

Tangu 2023 kwa sisi tulio nje ya Marekani, na 2024 kwa walio ndani, mtihani huu hufanywa kwa kompyuta. Kila sehemu imegawanywa katika vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili hutegemea ulivyojibu cha kwanza. Anayejikwaa mapema hupewa kipande cha pili kilicho chepesi, na kutoka hapo hawezi tena kufikia alama za juu kabisa. Sasa mfikirieni kijana anayekutana na utaratibu huo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Dakika kumi za mshangao zinaweza kumgharimu sehemu nzima.

Vyuo vingi vya Marekani vinaijua mizani hii vizuri, na vimejiwekea taratibu. Kwanza, tangu 2009 College Board humruhusu mtahiniwa kuchagua ni matokeo ya siku gani yapelekwe chuoni. Pili, na hili ndilo ningependa vijana mliandike, vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka siku tofauti na kuziunganisha. Nirudi kwa msichana wangu. Tuseme angerudia baada ya miezi miwili akapata hisabati 610 na kusoma na kuandika 600. Jumla ya siku hiyo ni 1210, na mtu angesema amehangaika kwa ajili ya alama 20. Lakini chuo kinachounganisha kingechukua hisabati 650 ya siku ya kwanza na 600 ya siku ya pili, kikaandika 1250. Kushuka kwake katika hisabati kusingemdhuru hata kidogo. Katika utaratibu kama huo, anayefanya mara moja anashindana na watu waliopimwa mara mbili na kuhesabiwa pimo lililo jema.

Wale wa 990 na wale wa 1000

Je, alama hizo za nyongeza hufungua mlango kweli, au ni za kupendezesha karatasi tu? Swali hili ni gumu kulijibu kwa haki. Ukiwalinganisha waliorudia na wasiorudia, unaweza kuwa unalinganisha wenye bidii na wasio na bidii, au wenye fedha na wasio nazo. Lazima upate makundi mawili yanayofanana kwa kila kitu ila kurudia.

Jibu lilipatikana katika udhaifu mdogo wa binadamu. Mwaka 2011 watafiti Devin Pope na Uri Simonsohn walionyesha kwamba mwanafunzi aliyepata, kwa mfano, 990 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia SAT kuliko aliyepata 1000. Tofauti yao ni alama 10, yaani si kitu. Ila 1000 ni namba ya mviringo, inaridhisha macho, na 990 inachoma. Wale wawili ni sawa kwa uwezo, lakini mmoja anakwenda nyumbani na mwingine anajiandikisha upya.

Wachumi watatu, Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith, waliuchukua mwanya huo wakachambua matokeo ya mamilioni ya wanafunzi wa Marekani wa miaka ambayo SAT ilikuwa na jumla ya 2400. Waliwafuata waliokuwa chini kidogo ya namba za mia na waliozigusa, wakaangalia nani aliishia chuo gani. Waligundua mambo matatu. La kwanza, kurudia mara moja kuliongeza alama zinazotumika katika udahili kwa takriban 90 kwenye mizani ile ya 2400. La pili, waliorudia waliingia zaidi katika vyuo vya miaka minne, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa familia za kipato cha chini na wa jamii ambazo ni chache vyuoni. La tatu ndilo lililoninyima usingizi: ni nusu tu ya watahiniwa waliokuwa wakirudia, na waliorudia kwa uchache zaidi ni haohao ambao kurudia kungewafaa zaidi. Kwa hesabu yao, kama maskini na matajiri wangerudia kwa kiwango kimoja, hadi asilimia 10 ya pengo lao la kuingia vyuo vya miaka minne ingezibwa.

Asilimia 10 ya pengo, wazazi wangu, bila kujenga darasa wala kubadilisha mtaala. Ni kumrudisha tu mtoto kwenye chumba cha mtihani.

Nisiwadanganye lakini. Mizani ikitikisika hutikisika pande zote mbili. Kwa takwimu zilizowahi kutolewa na College Board kuhusu wanafunzi waliorudia wakiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, 55 katika kila 100 walipanda, 35 walishuka, na 10 walibaki palepale. Aliyebahatika mara ya kwanza akapata juu ya uwezo wake, mara ya pili huenda akashuka. Na anayerudi bila kujifunza lolote jipya anacheza bahati nasibu kwa fedha za baba yake.

Mwenye kisu kikali

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka 2003 wachumi Jacob Vigdor na Charles Clotfelter walichapisha uchambuzi wa jambo hili, wakaonya kwamba chuo kinapohesabu alama ya juu tu, kinawapendelea wale ambao kufanya mtihani hakuwagharimu sana. Gharama si ada peke yake. Ni nauli, ni siku ya kazi inayopotea, ni mtu wa kukuambia kwamba kurudia kunaruhusiwa.

Marekani wamejaribu kulitibu hilo. Mwanafunzi wa kipato cha chini huko anaweza kusamehewa ada ya SAT mara mbili. Hiyo mara ya pili haikuwekwa kwa kubahatisha. Ni kukiri kwamba pimo moja halitoshi. Kwa watoto wetu wa Tanzania, Kenya au Uganda msamaha huo haupo. Mwaka 2024 ada ya msingi ilipanda kutoka dola 60 hadi dola 68, na anayefanyia mtihani nje ya Marekani huongezewa malipo mengine juu yake. Kwa familia nyingi zilizomo humu ukumbini hiyo ni fedha ya chakula. Kwa hiyo mtoto wetu anapambana na wenzake akiwa na pimo moja mkononi.

Kuna gharama nyingine, ya kutojua. Chuo cha Dartmouth kilitangaza Februari 2024 kwamba kinarudisha sharti la mtihani baada ya miaka kadhaa ya kuufanya wa hiari. Watafiti wake walikuwa wamegundua kwamba waombaji waliotoka mazingira magumu walizificha alama zao, kama 1400 na kitu, wakidhani ni ndogo, ilhali zingewasaidia, kwa kuwa chuo hutazama alama pamoja na mahali mtu alikozipatia. Walijihukumu kabla ya kuhukumiwa. Niliposoma habari hiyo nilimwona mwanafunzi wangu.

Upo pia mfano wa karibu wa kutia moyo. Nchini Kenya, tangu 2004, mpango wa KenSAP ulioanzishwa na mwanariadha wa Olimpiki Mike Boit pamoja na John Manners umekuwa ukichukua vijana waliofaulu sana na kuwaandaa kwa SAT na kwa maombi ya vyuo vya Marekani. Wengi wamepita milango ambayo shule zao hazikuwahi kuigusa. Hao hawakuachwa wakutane na mtihani kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani.

Kabla ya kulipa ada ya pili

Sasa niseme na ninyi vijana, kwa sababu najua kuna wanaotaka kujiandikisha kesho asubuhi.

Kwanza angalia chuo unachokitaka kinataka nini. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California hausomi kabisa alama za SAT katika udahili, hata ukipata 1600. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Brown na Caltech zikafuata. Vingine vimeuacha kuwa wa hiari. Georgetown kwa muda mrefu imetaka ione matokeo ya kila siku uliyofanya, bila kuchagua. Kurudia kwa ajili ya chuo kisichosoma alama ni kupoteza fedha, na kurudia mara tano kwa ajili ya chuo kinachotaka kuona yote kunahitaji tafakari.

Pili, linganisha alama yako na za waliopokelewa. Vyuo vingi hutangaza alama za ile nusu ya katikati ya wanafunzi wao wapya. Ukiwa chini ya hapo, au pembezoni, kurudia kunaweza kukusogeza. Ukiwa umeshapita juu, jioni zako zina kazi bora zaidi: insha ya maombi, masomo ya darasani, usingizi.

Tatu, ijue sababu. Kabla hujarudi, niambie kwa sentensi moja kwa nini ulipata ulichopata. "Sikumaliza maswali ya aljebra kwa wakati" ni sababu yenye dawa. "Mtihani ulikuwa mgumu" haina dawa. Mazoezi ya bure yapo: tangu 2015 Khan Academy hutoa masomo ya SAT kwa ushirikiano na College Board, na programu ileile inayotumika siku ya mtihani ina majaribio kamili yasiyolipiwa. Fanya jaribio zima kwa saa, kisha kaa na makosa yako muda mrefu kuliko ulivyokaa na maswali.

Nne, pangilia kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hapa kwetu ni Mei, kwa hiyo usijisajili SAT ya Mei ukajigawa vipande. Mwanafunzi wa Kenya naye aihofu Novemba kwa ajili ya KCSE, mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Na ufanye mara ya kwanza mapema kiasi cha kubakiza nafasi ya kurudia kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Anayefanya kwa mara ya kwanza katika tarehe ya mwisho kabisa amejifungia mlango mwenyewe.

Mara mbili huwatosha wengi. Mara ya tatu iwe na sababu nzito. Baada ya hapo, mizani imekwisha kutulia na imesema neno lake.

Kwa wazazi na walimu

Wazazi wangu, kila mwaka tunachangishana kwa ajili ya mahafali. Tunakodi maturubai, tunashona sare, tunapika pilau. Ni furaha halali na siwakatazi. Naomba tu kwamba katika daftari hilohilo la michango tuongeze mstari mmoja: ada ya pimo la pili kwa mwanafunzi aliyestahili kurudia akashindwa kwa fedha. Shule yenye waombaji watano wa vyuo vya nje haihitaji zaidi ya hapo ili kuwapa watoto wake kile ambacho wenzao wa Marekani wamepewa kwa utaratibu.

Walimu wenzangu, kwetu kuna deni la maneno. Hapa nyumbani, kurisiti kunamgharimu mtoto mwaka mzima, na labda ndiyo maana tumekuzungushia aibu: mwaka ni kitu kizito kupoteza. Lakini aibu hiyo haimfundishi mtoto aljebra. Inamfundisha kujificha. Anayerudi kwenye mtihani uliomwangusha, akiwa ameyatazama makosa yake machoni, amefanya jambo ambalo tunawaomba wanafunzi wetu walifanye kila siku darasani. Iwe ni SAT au ni ile namba yenye P, anastahili kusindikizwa na mwalimu wake.

Mwanafunzi wangu hakurudia. Alisoma chuo kikuu hapa nyumbani, na amekuwa mtu wa kutegemewa katika kazi yake. Sijutii alikofika. Ninachojutia ni mlango ambao hakuugonga kwa sababu mimi nilinyamaza. Tangu siku ile, mwanafunzi akinijia na karatasi mkononi akaniambia, "Mwalimu, hii ndiyo alama yangu," huwa namvutia kiti akae, kisha namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Ni alama yako ya siku gani?"